Kupiga .38 Special kwa karabini ya .357 Magnum: hatua kwa hatua

Karibuni tena. Mezani nina karabini, yaani bunduki fupi, aina ya Rossi R92 kutoka Brazili, inayofuata muundo wa Winchester wa 1892, kazi ya John Browning. Ni ya risasi za .357 Magnum. Leo tunaihamishia kwenye risasi fupi za .38 Special bila kugusa mtutu wala kubadili kifaa. Teke linapungua, kelele zinapungua, na anayejifunza hapati hofu ya kufyatua.

Kwanza bunduki iwe tupu. Elekeza mtutu upande salama, kidole kikae nje ya triga, sukuma wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, hadi mwisho. Tazama chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha ipapase kwa ncha ya kidole. Magazini ni bomba lililo chini ya mtutu, na risasi zinaweza kubaki humo hata chemba ikiwa tupu. Cheza wenzo mpaka pasitoke kitu, halafu angalia tena. Mimi huangalia hata kama nimeitoa kabatini sasa hivi.

Soma maandishi ya kwenye mtutu: lazima yataje .357 Magnum. Sasa tazameni maganda haya mawili, nayasogeza karibu na kamera. Unene ni uleule, ila la .38 lina urefu wa milimita 29 na la .357 karibu 33. Risasi ya .357 ilipotoka mwaka 1935, ganda lilirefushwa makusudi lisiingie kwenye bastola za .38, kwa sababu presha yake ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000 na ya .38 Special ni 17,000. Kwa hiyo .38 inaingia kwenye .357, kinyume chake ni marufuku. Na boksi liseme .38 Special kamili; .38 Super na .38 S&W ni risasi nyingine kabisa.

Chagua zenye kichwa bapa. Ndani ya bomba, kichwa cha risasi moja hugusa fataki (kiwashio cha kitakoni) ya iliyo mbele yake, na kichwa chenye ncha kali kinaweza kuilipua humo humo. Mimi napenda zenye kichwa cha uzito wa greni 158, kwani zile fupi sana hukwama njiani kwenye baadhi ya bunduki hizi.

Jaza kupitia mlango wa kulia. Wenzo uchezeshe kwa mkono thabiti, usisite katikati. Ikikwama, usilazimishe.

Piga tatu au nne kwenye karatasi, yadi 25. Mara nyingi zitaangukia chini kidogo kwa kuwa zina mwendo mdogo. Pandisha kilengeo cha nyuma ngazi moja, na uandike kilipokuwa.

Ukitaka kurudi kwenye .357, usiruke hatua hii. Ganda la .38 linaishia mapema, kwa hiyo masizi na risasi-madini hujikusanya kama pete mbele yake. Ganda refu likikutana na pete hiyo huingia kwa taabu, hung'ang'ania kutoka, na presha inaweza kupanda. Pitisha dawa ya kusafishia, iache ifanye kazi, kisha sugua chemba kwa brashi ya shaba kwenye waya unaopinda, maana nyuma ya bunduki hii hapanyooki kwa fimbo.

Kausha, halafu dondosha ganda tupu la .357 kwa kidole. Lizame lenyewe hadi mwisho. Likigota, rudi kwenye brashi.