Saa ya Ofisi na Saa ya Maji: Kupanga Likizo ya Mchakamchaka Malindi na Watamu

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya kamati za ustawi wa wafanyakazi

Mabibi na mabwana, wazee wetu mlioketi mbele, na nyinyi wa kamati mliokuja na madaftari, hamjambo.

Mada yetu ni likizo ya siku tatu au nne ya kuelea juu ya matumbawe, kupiga kafi kwenye mikoko, kuendesha baiskeli msituni na kushuka bondeni Marafa, kwa watu ambao mwaka mzima wamekaa kitini. Vyote hivyo viko karibu na hapa tulipo. Kinachokosekana ni mpango. Kamati ya ofisi huanza na hoteli, ikaja kwenye nauli, ikaja kwenye fulana zenye nembo, na mwisho kabisa ikamwuliza nahodha: tutoke saa ngapi? Nahodha anajibu kwamba siku hiyo maji yamejaa asubuhi, hakuna cha kuona. Wakati huo watu 40 wameshalipa. Swali hilo ndilo la kuanzia.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na bahari husogea kidogo tu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya jibu tayari, kwa kuwa bamvua huja karibu na tarehe 1 na tarehe 15, maji mafu karibu na tarehe 8 na 22. Nusu ya pili ni saa. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa hapa kwenye saa kumi au saa kumi na nusu, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne au saa nne na nusu asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi yamejaa, alasiri yamepwa. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Tofauti yake na Malindi ni ndogo.

Kwa nini tujisumbue na hesabu hii? Kwa sababu matumbawe hutazamwa maji yakiwa yamepwa, na hori la Mida, mkono wa bahari wenye mikoko karibu na Watamu, hupigiwa kafi maji yakiwa yamejaa. Bamvua hukupa vyote viwili siku moja, matumbawe asubuhi na hori alasiri. Maji mafu hukupeleka kwenye matumbawe alasiri, upepo umeshaamka, mawimbi madogo yanakoroga uso wa bahari na jua limelala, mwanga hauingii chini sawasawa. Mtu atarudi nyumbani akisema Watamu hakuna samaki, kumbe samaki walikuwepo, yeye ndiye aliyefika kwa saa isiyo yake.

Mimi ningechagua siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu. Maji hupwa kwenye saa tatu asubuhi, bahari bado imetulia, na kwa kuwa ratiba husogea dakika 50 kila siku, una siku tatu nzuri mfululizo. Najua kamati hupenda wikendi iliyo karibu na mshahara. Basi kusanyeni pesa mshahara ukiingia, mwende maji yakiwa mazuri.

Sasa msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi ikiwa kali bahari huchafuka na mashua nyingi hazitoki. Lakini si kila siku ya kaskazi ina maji maangavu, na hapa wengi hukosea. Mto Sabaki hutiririkia baharini kaskazini kidogo mwa mji. Huko juu mto huohuo unaitwa Athi, na hupokea maji ya Nairobi na udongo wa Machakos. Yaani matope ya kwenu, nyinyi mliotoka Nairobi, hufika Malindi kabla yenu, tena bila nauli. Wakati wa kusi mkondo huyasukuma matope hayo kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi huyaleta kusini, juu ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Kwa hiyo mvua za vuli zikiwa nyingi, Desemba unaweza kuwa na jua kali na anga safi na bado usione mkono wako ndani ya maji. Ikiwa hivyo, hamieni Watamu, kusini zaidi, ambako matope hayo hayafiki kwa urahisi. Hifadhi zote mbili zilianzishwa mwaka 1968, na taratibu zake ni zilezile. Februari na Machi, mto ukiwa umepungua, Malindi yenyewe inatosha.

Ada ya hifadhi hulipwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipeni kwa kundi zima usiku uliotangulia, hotelini. Watu 40 wakianza kutafuta nywila zao ufukweni, maji hayawasubiri.

Nikae kidogo kwenye matumbawe, maana ndiko watu wengi wa ofisini huingia baharini kwa mara ya kwanza. Kosa la kwanza ni miwani isiyoshika. Miwani ya maji hujaribiwa nchi kavu: ibandike usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua, ondoa mkono. Ikishika, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine, hata kama muuzaji anaapa kwamba ukikaza kamba itashika. Kukaza kamba huupinda mpira na kufungua njia ya maji. Unywele mmoja uliopita chini ya mpira unatosha kuvujisha, na masharubu mapana pia. Ili kioo kisifanye ukungu, tia mate ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja. Mwenye kuona haya atumie tone la shampuu ya watoto.

Kosa la pili ni kupumua haraka. Mgeni wa mrija wa kupumulia huvuta pumzi fupifupi, hewa chafu ikabaki ndani ya mrija, kifua kikabana, akadhani anazama. Ajifunze kutoa pumzi ndefu. Dakika tano akiwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, uso ndani ya maji, mikono imeshika ubavu wa mashua, zinamtosha. Anayeruka moja kwa moja kutoka mashuani bila hatua hii ndiye hurudi baada ya dakika mbili na kuketi chini ya turubai hadi mwisho.

Kosa la tatu ni miguu. Mapezi ya miguuni hufanyisha kazi misuli ya shavu la mguu, na misuli hiyo kwa mtu wa mezani imelala. Piga kutoka nyongani, goti likipinda kidogo tu. Ukibanwa, lala chali, shika ncha ya pezi na kuivuta kuelekea kwako hadi msuli uachie. Usijaribu kusimama: chini kuna matumbawe yatakayokukata, na wewe utavunja kilichomea kwa miaka mingi. Penye mchanga, tembea kwa kuburuta nyayo ili taa aliyejifukia akusikie na kuondoka. Akikuchoma, chovya mguu kwenye maji ya moto kiasi unachovumilia ili kupunguza maumivu, kisha hospitali.

Na jua. Anayeelea kifudifudi huungua pale asipopaona: shingoni, mgongoni, nyuma ya magoti. Shati la mikono mirefu na suruali ya kubana hushinda mafuta yoyote, maana mafuta huoshwa na maji.

Tuingie Mida. Hori hili limezungukwa na mikoko ya aina kadhaa, na anayewaongoza awaonyeshe mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, mlilana. Kayaki ya watu wawili inatosha. Mzito akae nyuma, na mwenye mdundo awe mbele, kwa sababu wa nyuma humwona wa mbele na kumfuata. Mkiwageuza mtasikia makafi yakigongana njia nzima. Kafi hupigwa kwa kiwiliwili kugeuka, mikono ikifuata. Anayevuta kwa mikono mitupu huchoka haraka na kutoka malengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada. Ushike mpini kwa ulegevu.

Hesabu ya maji hapa ndiyo inayotenganisha burudani na mateso. Gawa kimo cha maji mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, nusu ya maji yote huondoka katika saa ya tatu na ya nne. Bamvua ikiwa ya mita tatu, hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili, na vijito vya ndani ya mikoko hukauka huku unavitazama. Kwa hiyo ingieni saa mbili kabla ya kujaa, maji yawasukume kwenda ndani, geukeni yakisimama, na muwe mmetoka kabla ya saa mbili za kupwa kuisha. Maji yakijaa saa kumi alasiri, mnaingia saa nane na kutoka saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo. Mkiachwa juu ya tope, msishuke kukokota: tope hufika magotini, na mizizi ya mikoko ina chaza wenye makali. Rudini nyuma kwa makafi mapema, mara tu chombo kinapoanza kugusa chini. Na kundi lisikaribie mdomo wa hori wakati wa kupwa. Maji ya hori zima hutokea pale, na mkondo wake hupeleka kayaki nje baharini kwa nguvu zisizoshindwa na mikono ya mhasibu.

Marafa nitaipitia haraka. Ni bonde lililochongwa na mvua na upepo katika mchanga ulioshikana, weupe, waridi, rangi ya chungwa na wekundu uliokolea, bara ya Malindi kwa njia ya daraja la Sabaki. Wazee wa pale watawasimulia juu ya tajiri aliyeoga maziwa hadi ardhi ikammeza; sikilizeni, ni sehemu ya ziara. Shukeni baada ya saa kumi. Mchana kuta huzuia upepo na kurudisha joto, na watu huzirai. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mmoja, viatu vilivyofunika kidole, na asisimame mtu ukingoni kupiga picha: mara nyingi mchanga umeliwa kwa chini na juu unaonekana mzima. Inafaa siku ya kwanza, baada ya kulala hadi mchana. Waliokesha kwenye basi wasipelekwe baharini asubuhi ileile.

Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, ni wa alfajiri. Njia zake zina mchanga, kwa hiyo punguzeni presha ya matairi ya baiskeli hadi psi 20 au 25, gia nyepesi, na msibane breki ya mbele ndani ya mchanga mzito. Mnahitaji mwongozaji wa msitu, si kwa ajili ya ndege peke yake. Ndani kuna ndovu.

Nimeletewa maswali kwa karatasi. La kwanza ni la mchezo wa ubao unaovutwa na tiara. Kuutazama, sawa. Kuujifunza huchukua saa tisa hadi kumi na mbili za mafunzo, na upepo haufuati ratiba ya semina. Katika siku tatu utalipa pesa nyingi na kunywa chumvi.

La pili ni kuzamia na mtungi wa hewa. Wanaojaribu mara ya kwanza hawashuki zaidi ya mita 12, na mwenye pumu, presha au mafua aone daktari kwanza. Jambo linalosahaulika ni kurudi. Baada ya kuzamia, naitrojeni hubaki mwilini, na kupanda juu haraka huitoa kama povu. Ngojeni saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengine husema: sisi tunarudi kwa treni. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na treni inapanda vilevile. Aliyezamia Jumapili asubuhi asianze safari ya Nairobi Jumapili hiyo. Miwani na mrija juu ya maji havina shida hiyo.

La mwisho: wasiojua kuogelea waende? Waende, wakiwa na jaketi la kuokolea lililofungwa vifungo vyote na kamba ya kupita mapajani, kwa sababu jaketi lililolegea hupanda masikioni na kumwacha mtu ananing'inia ndani yake. Mwongozaji mmoja kwa wanane, na kwa wasiojua kuogelea mmoja kwa watatu, akiwa majini pamoja nao. Kabla ya kupanda, hesabuni jaketi, si viti. Nahodha akiwa na 18 na nyinyi ni 20, wawili wabaki ufukweni na waende zamu ya pili. Kwenye bamvua maji yatabaki chini vya kutosha kwa saa moja zaidi.