Mtoto Anaishi Chini: Kulipanga Boma Lenye Watoto Wadogo

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Kaunti ya Vihiga

Wazazi wenzangu, akina nyanya mliokuja na wajukuu mgongoni, na akina baba mlioacha shughuli zenu, hamjambo? Asanteni kwa kuja wakati huu wa palizi, maana najua shamba halimngoji mtu.

Nimekuwa muuguzi wa zahanati za mashambani kwa muda mrefu, na wanangu nimewalea huku huku. Leo nina jambo moja tu. Sisi watu wazima tunaliona boma tukiwa tumesimama. Mtoto wa mwaka mmoja anaishi chini: anatambaa, anaketi, anaokota, anatia mdomoni. Ukitaka kujua kama boma lako linamfaa, piga magoti mlangoni pa jikoni uutazame uwanja kutoka pale alipo yeye. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kinyesi cha kuku.

Najua nimegusa pagumu. Kwetu mgeni wa maana anachinjiwa kuku, na karo ikipungua ni kuku anayekwenda sokoni. Siwaambii muwaondoe. Ninachosema ni kwamba mchana wanazurura uwanjani, usiku wanalala jikoni, na katikati ya nyakati hizo mbili mtoto anatambaa palepale walipokuwa.

Kuna utafiti mkubwa uliofanywa hapa kwetu Vihiga, pamoja na Kakamega na Bungoma, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Waliandikishwa wajawazito zaidi ya 8,000, kisha watoto wao wakafuatiliwa. Familia nyingine zilipewa dawa ya maji, nyingine vyoo vilivyoboreshwa, nyingine vifaa vya kunawia mikono, nyingine vyote kwa pamoja. Kuhara hakukupungua, na huduma hizo peke yake hazikuwaongezea watoto urefu. Waliopata ushauri wa lishe pamoja na nyongeza ya chakula ndio waliokua vizuri zaidi. Msitoke hapa mkisema muuguzi amewaambia muache kunawa mikono. Kunawa kuko palepale. Mimi ninavyoyasoma matokeo hayo, uchafu una njia nyingi za kumfikia mtoto, na kuziba njia moja au mbili hakutoshi ikiwa anashinda mavumbini na kuku.

Basi kuku wapate banda lao. Si lazima liwe la gharama. Fito, mabati makuukuu, sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini, mbali na mlango wa jikoni. Mbolea utakayokusanya chini yake itakwenda kwenye sukuma wiki.

Na mtoto naye apate pake, kizimba cha kuchezea. Nieleze hili polepole, kwa sababu ndilo ninalotamani kuliona katika kila boma. Chukua fito za mlingoti, zimenywe maganda na kulainishwa zisimchome. Zisimamishe karibu karibu, kichwa cha mtoto kisiweze kupenya katikati. Kimo cha kizimba kimfike mtoto wa miaka miwili kifuani au zaidi, na ndani pasiwe na fito ya kulala anayoweza kuikanyaga akapanda. Tandika mkeka unaooshwa kila siku. Weka kizimba hicho kivulini, chini ya mwembe au mparachichi, mahali ambapo wewe unayechambua mboga unamwona na yeye anakuona. Mtilie ndani vifuniko vikubwa, mwiko, kikombe cha plastiki, magunzi yaliyooshwa. Kizimba si mlezi. Ni mahali pa kumweka mtoto kwa muda ukiwa umemwangalia, usimwache humo ukaenda mtoni.

Tukiwa bado kwa kuku, niseme neno kuhusu yai. Kuku akitaga, yai linapelekwa dukani kubadilishwa na sukari. Mtoto anabaki na uji mweupe wa mahindi na chai. Hili linaniuma sana. Mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo tumbo lake ni dogo, hivyo kila kijiko kiwe na kitu cha maana: yai lililoiva vizuri, omena waliooshwa na kusagwa, maharagwe yaliyopondwa, kunde, mboga za kienyeji kama mrenda, saga na managu, parachichi linaloanguka bure nyuma ya nyumba. Akina nyanya wanajua kuipika saga kwa maziwa mpaka uchungu wote uishe. Tafadhali wafundisheni mabinti zenu. Sukari ya duka inaweza kungoja.

Sasa turudi chini. Jiko la mafiga matatu liko usawa wa uso wa mtoto anayetambaa, na moshi wake wanauvuta pamoja, yeye na mama. Jiko la udongo lililoinuliwa ni bora, na ukishindwa, weka kizuizi mlangoni. Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mlete kituoni. Dawa ya meno, unga, mafuta, vyote hivyo acheni. Nimesafisha vidonda vingi vilivyopakwa vitu hivyo, na mtoto huumia mara ya pili wakati wa kuvitoa.

Maji nayo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye beseni la kufulia, achilia mbali kisima. Mwaga maji ukimaliza kufua, funika kisima kwa kifuniko asichoweza kukisukuma.

Na sumu: dawa ya kupe, dawa ya kunyunyizia mahindi, mafuta ya taa. Tunazitia kwenye chupa za soda, tunaziweka chini ya kitanda. Mtoto anaijua chupa ya soda na anaipenda. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitalini, na chupa uibebe.

Baada ya kusema hatari zote hizo, sitaki mtu aondoke akidhani kwamba mtoto afungiwe ndani. Boma ni shule nzuri mno. Mtoto wa miaka mitatu anataka kufanya unachokifanya wewe, na kazi ndogo zipo. Mpe kikombe cha mahindi awarushie kuku. Mkipukuchua mahindi, mkalishe karibu, ahesabu magunzi, atenge punje nyeupe na za manjano. Mkichambua maharagwe, muulize hili limefanya nini mpaka likatobolewa. Atachelewesha kazi. Mwacheni acheleweshe. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani bila haya, Kilogooli, Kinyore, Kitiriki, Dholuo, yoyote. Hata mtaala wa sasa unataka watoto wa chekechea na madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Na kazi hiyo ya kumlea asitwikwe dada yake wa miaka minane, ambaye naye ni mtoto na ana masomo yake.

Chanjo nitaitaja kwa ufupi kwa sababu tutakutana tena kliniki. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, na sasa imefika kwetu. Dozi ni za miezi 6, 7 na 9, na ya nne akiwa na miaka 2. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, kwa sababu kufikia hapo mama ameshaacha kuja kliniki. Kiangalieni kijitabu cha mtoto leo jioni. Neti iendelee kutumika hata baada ya chanjo.

Mwisho ninao ujumbe kwa akina baba wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru na Kisumu. Mpigieni simu mtoto mwenyewe, azungumze nanyi, si mama tu kuhusu pesa. Na mnapokuja Desemba, kabla ya wageni kuanza kufika, tengeni siku mbili. Siku ya kwanza ni ya banda la kuku na kifuniko cha kisima. Siku ya pili ni ya kizimba, na mwingize mtoto mkiwa bado mmeshika nyundo, muone ni wapi anapojaribu kupanda.

Sasa niko tayari kwa maswali. Tuanze na nyanya aliyeketi karibu na mlango.