Aasif Karim na ile mechi ya Durban

Haya jamani, asanteni kwa kuja, wa nyuma sogeeni mbele kuna viti. Leo nataka tumzungumzie Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, manake ukitaja kriketi ya Kenya kila mtu anakimbilia wale nyota wetu Steve Tikolo na Maurice Odumbe, na ni haki yao, lakini huyu tulimchelewea sana.

Karim alikuwa kepteni wa Kenya kombe la dunia la 1999, akastaafu, alafu 2003 akaitwa tena akiwa na miaka 39. Watu tukanung'unika, tukasema kwani vijana wameisha? Na sababu tulikuwa hatumuelewi ni kwamba yeye ni spina wa mkono wa kushoto, yaani mrushaji anayeuzungusha mpira, mpira wake polepole, hana mbwembwe, kazi yake ni kukunyima mikimbio, zile alama za kriketi, mpaka ukose subira, sasa hio sisi mashabiki hatuioni, sisi tunataka stampu, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji, ziruke.

Basi tarehe 15 Machi 2003, Durban kule Afrika Kusini, kombe la dunia, tunacheza na Australia, mabingwa watetezi. Mrushaji wao Brett Lee katung'oa watatu kwa mipira mitatu mfululizo mwanzo kabisa, tukajikokota tukafika mikimbio 174, na Australia wakaingia wanapiga kama wana basi la kuwahi. Hapo wengi walizima tivi. Wakakosa kitu, wallahi.

Karim akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, kepteni wao, mpira umemkuta mguuni mbele ya stampu, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Mipira 50 alorusha, mikimbio 7 tu, na ova 6, kila ova mipira sita, hazikutoka na kitu kabisa, sufuri! Dhidi ya timu ile, ambayo ilibeba kombe bila kufungwa hata mechi moja! Australia walishinda, ndio, lakini mchezaji bora wa mechi akawa Karim, na mimi ilinichukua miaka kuelewa kwa nini, mpaka nilipoanza kuhesabu mpira mmoja mmoja badala ya kungojea sita, lile pigo la kuvusha mpaka juu kwa juu.

Siku tano baadae nusu fainali na India, hapo hapo Durban, tukafungwa, na yeye ndo ikawa mwisho wake kuchezea Kenya.

Sasa nizimieni taa hio ya mbele niwawekee ile ova ya Ponting, na msimuangalie Ponting, muangalieni Karim anavotembea kurudi kuanza upya, hana haraka kabisa.