Pinchback: Gavana wa Siku 35

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko Louisiana, Marekani, Desemba 1872. Dada Mwanaidi, tupeleke.

MWANAIDI: Baraza la Wawakilishi la jimbo limemfungulia mashtaka Gavana Henry Clay Warmoth. Kwa katiba yao, gavana akishashtakiwa hivyo anakaa pembeni hapo hapo, naibu anashika ofisi. Naibu ni Pinckney Pinchback. Tarehe 9 Desemba anakuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa gavana wa jimbo nchini humo.

BARAKA: Na mama yake aliwahi kuwa mtumwa.

MWANAIDI: Eliza Stewart, ndiyo. Baba alikuwa mzungu mwenye mashamba. Alipofariki mwaka 1848, Eliza akahofia ndugu za marehemu wasije wakawatia utumwani, akachukua watoto akakimbilia Cincinnati. Kijana akaanza kazi kwenye meli za mtoni akiwa bado mdogo kabisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuja akaandikisha askari weusi New Orleans, akawa kapteni, kisha mwaka 1863 akajiuzulu kwa sababu ya namna maofisa weusi walivyobaguliwa.

BARAKA: Hapo ndipo ninapompendea. Hakukubali cheo cha kudhalilishwa. Lakini simulia ile ya treni, tafadhali.

MWANAIDI: Ile ni ya miezi michache kabla. Warmoth na Pinchback wote wako New York. Kuna miswada Louisiana ambayo Warmoth hataki kuitia saini. Sasa, gavana akiwa nje ya jimbo, naibu ndiye anayekaimu. Pinchback akapanda treni kimyakimya, awahi New Orleans asaini yeye.

BARAKA: Warmoth akashtuka!

MWANAIDI: Akamfukuzia kwa treni. Pinchback amefika Canton, Mississippi, bado safari si ndefu. Anaambiwa kuna telegramu yake ofisini stesheni. Anashuka kuifuata, mlango unafungwa nyuma yake, treni inaondoka. Alipotoka, Warmoth alikuwa ameshafika.

BARAKA: Kaonewa. Lakini Desemba ofisi ikamjia yenyewe.

MWANAIDI: Ikamjia ikiwa inawaka moto, kaka. Uchaguzi wa Novemba una washindi wawili, William Kellogg na John McEnery, kila mmoja na wafuasi wake. Baadhi ya wanamgambo hawamtambui Pinchback. Serikali ya Rais Grant ikatuma telegramu kumtambua kuwa ndiye gavana halali. Akalishikilia jimbo mpaka Kellogg alipoapishwa, Januari 13, 1873.

BARAKA: Siku 35. Wengi wanaishia hapo, na mimi naona wanamkosea haki.

MWANAIDI: Sana! Bunge la jimbo lilimchagua kwenda Seneti ya Marekani. Seneti ikamzungusha miaka mitatu, ndipo Machi 1876 ikapiga kura 32 kwa 29 kumkataa. Kura tatu tu, Baraka. Mtu ameshaongoza jimbo zima, anaambiwa kiti si chake. Mimi hilo linaniuma kuliko la Canton, kwa sababu Canton alizidiwa ujanja na mtu mmoja, hapa alifungiwa mlango na taifa.

BARAKA: Akakata tamaa?

MWANAIDI: Hapana. Mwaka 1879 alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya Louisiana. Wale waliotaka kuwarudisha weusi nyuma ndio walioshika hatamu, na hata hivyo yeye na wenzake wakapata kipengele cha kuanzisha chuo kikuu kwa ajili ya vijana weusi. Ndicho Southern University, kinafundisha hadi leo. Akiwa na umri wa karibu miaka 50 akasomea sheria. Alifariki Washington mwaka 1921.

BARAKA: Na gavana mweusi aliyefuata Marekani?

MWANAIDI: Douglas Wilder wa Virginia, Januari 1990.

BARAKA: Miaka 117!

MWANAIDI: Tena Wilder ndiye wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi. Kipindi kijacho tunamleta Oscar Dunn, naibu gavana aliyemtangulia Pinchback. Alifariki ghafla Novemba 1871, na kifo chake ndicho kilichofungua nafasi hiyo.