Risasi ya .22 Ikigoma, Angalia Kitako cha Ganda Kwanza

NEEMA: Karibuni tena wapendwa, leo hatuzunguki, kuna msikilizaji wetu yuko Kigamboni katutumia voisi, ana bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, ya bolti, yaani kile chuma cha nyuma ya mtutu unachovuta kufungua na kusukuma kufunga, leseni yake iko sawa, anasema akienda kupiga shabaha kila kasha lazima risasi kadhaa zigome, anavuta triga inalia ta! halafu kimya. Anauliza abadilishe risasi au apeleke kwa fundi. Kaka Bakari?

BAKARI: Dada Neema, kabla ya fundi na kabla ya dukani, ikigoma asifungue bolti. Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, ahesabu sekunde 30, akienda dakika nzima ndo vizuri zaidi, maana kuna risasi zinachelewa, inawaka polepole kwa ndani halafu inalipuka, sasa kama bolti ishafunguliwa ganda linampasukia usoni. Watu wana haraka sana hapo, inaniuma kweli.

NEEMA: Na ile inayolia kinyonge?

BAKARI: Aisee hiyo ndo usicheze nayo. Ikilia puf, aache hapohapo, atoe risasi zote, achomoe bolti, apitishe fimbo ya kusafishia aone kama mtutu uko wazi. Kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani, akipiga nyingine nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka.

NEEMA: Haya kasubiri, kaitoa. Anaanzia wapi?

BAKARI: Kwenye ganda lenyewe. Alishike kwenye mwanga aangalie ukingo wa kitako. Unajua hii .22 haina kile kidude cha kuwashia pale katikati kama risasi kubwa, dawa ya kuwashia iko ndani ya ukingo kuzunguka wote, kiwandani wanaitia ikiwa na majimaji halafu inasambazwa kwa kuzungushwa kwa kasi mpaka iingie kwenye ule mkunjo. Mkunjo wenyewe unene wake kama milimita moja tu. Pini, ile sindano ya ndani ya bolti, ikipiga inaubana ukingo kwenye chuma cha mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, dawa inasagika, inawaka. Sasa kama kuna sehemu dawa haikufika na pini ikaangukia hapohapo, hata bunduki iwe mpya haitalia.

NEEMA: Ahaa, kwa hiyo alama ya pini ndo inasema.

BAKARI: Ndo inasema yote! Alama ikiwa imebonyea vizuri, ya kina, mwanzo shuku risasi. Airudishe ile risasi mara moja tu kaizungusha ili pini ipige upande mwingine, ikilia, basi pale pa kwanza dawa ilikuwa haipo au haba. Anunue kasha la kampuni nyingine ajaribu, na hizi risasi za bei ya chini zinagoma zaidi, huo ndo ukweli. Lakini alama ikiwa hafifu, kama imekwaruzwa tu, asisingizie risasi, hiyo ni bunduki.

NEEMA: Inakuwa na nini?

BAKARI: Hapa Dar? Mafuta. Yaani sisi na hii hewa ya bahari tunaogopa kutu, na ni haki kuiogopa, ila mtu anamimina mafuta ndani ya bolti kila akiifuta, yanakutana na vumbi na masizi ya baruti yanakuwa uji mzito, pini inatembea kama iko kwenye matope. Springi ina nguvu zake zote ila pini inafika imechoka. Afungue bolti, asafishe njia ya pini mpaka ikauke, aache mafuta kama kivuli tu. Nje apake, ndani abane mkono. Halafu mafuta yakichuruzika mpaka kwenye risasi yanaweza kuingia yakaua dawa, kwa hiyo asihifadhi risasi ndani ya bunduki iliyolowa mafuta, na asihifadhi kwenye bunduki kabisa, zikae kando, pakavu.

NEEMA: Na chemba?

BAKARI: Hiyo nayo muhimu. Risasi za .22 zimepakwa nta au grisi, na kichwa ni cha madini laini ya risasi, uchafu unajikusanya pale chemba mpaka risasi mpya haikai mpaka mwisho. Pini ikija nguvu inaishia kuisukuma mbele badala ya kusaga ukingo. Dalili yake, inagoma mara ya kwanza, ya pili inalia palepale bila hata kuizungusha, maana ile ya kwanza iliisukuma ikakaa. Brashi na kitambaa, basi.

NEEMA: Kasafisha yote, bado alama hafifu.

BAKARI: Sasa ndo kwa fundi, mwenye kibali cha kushika silaha za watu. Springi imelegea au ncha ya pini imelika. Na amwangalizie mdomo wa chemba, hizi bunduki za zamani zikipigwa mara nyingi bila risasi pini inagonga chuma inaacha kishimo, ukingo ukikaa juu ya kishimo unakosa pa kubanwa. Asijaribu kuitengeneza pini mwenyewe, ikirefuka au ikipinda anazidi kuuharibu mdomo.

NEEMA: Kaka wa Kigamboni umesikia, yapige picha maganda yaliyogoma, kitako kionekane, ututumie tuone alama ikoje.

BAKARI: Na aweke ganda la iliyolia pembeni yake kwenye picha hiyohiyo, bila hilo siwezi kulinganisha.