Kabla ya Kuandika "Mpinzani": Mhadhara juu ya Neno la Kiingereza rival na Visawe Vyake

Wafasiri wenzangu, walimu, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya nilisome neno hili kwa miaka mingi. Nilipewa makala ya kufasiri kuhusu wanasayansi wawili wa Uingereza, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace. Mwandishi alimwita Wallace rival wa Darwin. Nikaandika "mpinzani wa Darwin", nikapita. Makala ikachapishwa.

Sasa fikirini aliyesoma Kiswahili changu alielewa nini. Alielewa kwamba Wallace aliikataa nadharia ya Darwin. Ilhali mwaka 1858 Wallace, akiwa katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, alimtumia Darwin makala yenye wazo lilelile la uteuzi asilia, yaani kwamba viumbe wanaoyafaa mazingira yao ndio wanaodumu na kuzaa zaidi, ambalo Darwin alikuwa akilitafakari tangu mwaka 1838. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi cha London. Mwaka 1889 Wallace akatoa kitabu cha kuitetea nadharia hiyo, akakiita Darwinism. Mtu anayekipa kitabu chake jina la mwenzake, mimi nilimwita mpinzani wake! Aliyempinga Darwin ni mtu kama Askofu Samuel Wilberforce, katika mjadala wa Oxford wa mwaka 1860. Kiingereza kingemwita Wilberforce opponent na Wallace rival. Mimi niliwatia wote wawili kapu moja.

Kwa hiyo tulichimbue neno hili.

Rival limetoka katika Kilatini rivalis, nalo limezaliwa na rivus, yaani kijito au mfereji wa maji. Rivales walikuwa watu wanaotumia maji ya mfereji mmoja, na wanasheria wa Roma walilitumia neno kwa maana hiyohiyo walipozungumzia ugomvi wa majirani juu ya maji ya kumwagilia. Wewe ukifungulia maji kwako, kwangu yanapungua. Hakuna aliyekosea, mfereji ni mmoja tu. Baadaye Kilatini chenyewe kikalihamishia neno kwa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na Kiingereza kikalipokea katika karne ya 16 likiwa tayari na joto hilo la mapenzi na wivu.

Ila maana ya ushirika haikufa mara moja. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Hamlet, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600, mlinzi Bernardo anawataja Horatio na Marcellus kuwa "the rivals of my watch". Hawagombani. Ni wenzake wa zamu.

Nilipokutana na mstari huo nilisimama, kwa sababu Kiswahili nacho kimepita njia hiyo bila kuonyeshwa na mtu. Tazameni neno "mwenza". Mwenza ni mshirika, mtu wa pamoja nawe. Lakini tukisema "mke mwenza", kila mtu humu anasikia pia mvutano. Lugha mbili zisizo na undugu zimeona jambo moja: anayeshiriki nawe kitu ndiye mwenye uwezo wa kukupunguzia.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijafasiri rival, nautafuta mfereji. Hawa wawili wanataka kitu gani kimoja? Kiti cha enzi, soko, medali, sifa ya kuwa wa kwanza kugundua? Nikikiona kitu hicho, najua nina rival halisi. Nisipokiona, nikaona mmoja anataka na mwingine anazuia, basi huyo ni opponent, na "mpinzani" linamkaa vizuri.

Opponent kwa asili ni aliyewekwa mkabala nawe. Ni mtu wa upande wa pili wa ubao wa sataranji, wa wavu wa tenisi, wa hoja. Pambano likiisha, huyo si opponent wako tena mpaka mpangwe upya. Rival hubaki rival hata mkiwa mmelala. Tena mtu anaweza kuwa opponent wa sheria au wa adhabu ya kifo. Hakuna awezaye kuwa rival wa adhabu ya kifo, maana hamgombei kitu kimoja.

Competitor ni "mshindani", na hapa tuna bahati. Kilatini competere ni kutafuta pamoja. Nasi kitenzi chetu kina ule mnyambuliko wa -ana, kwa hiyo huwezi kushindana peke yako. Neno hili ni baridi kuliko rival. Katika marathoni wakimbiaji wote ni competitors, hata yule wa mwisho asiyejua jina lako. Rival wako ni yule unayemsikia akihema begani. Wahariri wa magazeti ya Kiingereza hupenda kuandika rival hata pale competitor lingetosha, kwa sababu ni fupi, linaenea kwenye kichwa cha habari, na lina moto. Mfasiri asidanganywe na moto huo: kampuni mbili zinazouza bidhaa moja ni washindani, si mahasimu.

"Hasimu" nalitunzia adversary, neno zito, la mahakamani na la siasa chungu. Katika Kiebrania, satan maana yake ni adversary, na ni ndugu wa "shetani" wetu. Ukijua hivyo hutalitupa ovyo kwenye habari za mpira wa miguu. Huko waandishi wetu wa michezo wamenishinda mimi na kamusi zangu, kwa sababu wana "watani wa jadi". Sijaona tafsiri bora ya arch-rivals. Inabeba joto lote na haimfanyi mtu kuwa adui. Adui ni enemy, kutoka inimicus, asiye rafiki. Rival anaweza kuwa rafiki yako mkubwa.

Contestant ni mshiriki wa shindano, basi. Contender ni yule mwenye nafasi ya kweli ya kushinda, nasi hatuna neno moja kwake. Mimi huandika "anayepewa nafasi ya kutwaa taji", na sioni haya kutumia maneno matano.

Kwenye sarufi, angalieni vihusishi. A rival for the throne: for inautaja mfereji wenyewe, kitu kinachogombewa. A rival to the king: to inamtaja mtu. Mkichanganya hizi mbili, mfalme atageuka kiti.

Na kuna kitenzi, ambacho ndicho kinachowaangusha wengi. Nobody rivals her. Hapo ugomvi umeyeyuka wote. Kilichobaki ni kulingana. "Hakuna anayempinga" ni kosa kubwa. Sema "hakuna anayemfikia". Vivyo hivyo unrivalled: tumezoea "hana mpinzani", na sokoni linapita, lakini kwa uzuri wa mandhari au ufundi wa fundi, "hana kifani" ndilo neno. Waingereza huandika rivalled kwa l mbili, Wamarekani moja.

Niliwaomba kila mmoja aje na sentensi moja yenye neno hili, aliyoikuta katika kazi yake. Aliye karibu na mlango atusomee yake, na kabla hajatupa tafsiri, atuambie kwanza mfereji uko wapi.