Nyumba Ikikaa Bila Mtu

Wenye nyumba wenzangu, na nyinyi wapangaji mliokaa karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, karibuni.

Mpangaji wangu wa Tabata alihama, nikasema mwingine nitamtafuta taratibu. Dalali akaleta watu, hatukuelewana bei. Wiki tatu zikapita. Nilipokwenda kupiga rangi nikabonyeza swichi, kimya. Nikadhani umeme wa LUKU umeisha. Kumbe nyaya zimechomolewa zote ukutani, soketi zinaning'inia. Koki za bafuni hazipo. Sinki limepasuliwa, sijui liliwakosea nini. Uani kuna duara jeusi: hapo ndipo walipochomea plastiki ibaki shaba tupu ya kumpimia mnunuzi wa vyuma chakavu. Wao walipata hela ya kula siku mbili tatu. Mimi kutandaza umeme upya kulinimaliza.

Nikamuuliza jirani, "Mama, hukusikia kitu?" Akasema, "Nilisikia wakigonga, mwanangu. Walikuja saa nne asubuhi na ngazi. Nikajua umeleta mafundi."

Tunahangaika na nondo madirishani na chupa juu ya ukuta, na huyu anapita getini na ngazi begani! Siku hizi nyumba ikibaki tupu, jirani na mjumbe wanajua jina la fundi wangu na namba yake. Asiyekuja na mimi wala na fundi huyo, wapige kelele. Barazani nimemruhusu mama mmoja akaange vitumbua bila kulipa. Ananilindia kuliko mlinzi niliyekuwa namlipa, ambaye, tuseme ukweli, alikuwa na godoro zuri sana.

Uharibifu mwingine tunautafuta wenyewe. Mpangaji anadaiwa, unakwenda kumng'olea mlango. Nimemwona mtu akiezua bati lake mwenyewe ili mpangaji atoke! Huyo akiondoka usiku na choo kimezibwa kwa matambara, unashangaa nini? Kanuni ya Adhabu inasema kuharibu mali kwa makusudi ni kosa, na kifungo chake kinafika miaka 7. Sawa. Lakini utathibitishaje kwamba kioo kilikuwa kizima?

Siku ya kukabidhi funguo, zungukeni wote wawili na daftari. Koki ngapi, vitasa vingapi, kioo kipi kina ufa. Piga picha kwa simu, mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Kama ulichukua amana, irudishe siku ileile anaporudisha funguo. Ukishajulikana mtaani kwamba amana za watu unazila, mpangaji atajilipa mwenyewe mwezi wa mwisho, kwa vitasa na balbu.

Mzee pale anauliza kama kuacha taa ikiwaka kunasaidia. Kunasaidia usiku wa kwanza na wa pili, mzee wangu. Siku ya tatu taa ikiwaka hadi saa saba mchana, mtaa mzima unajua hamna mtu.